Kurekebisha Mfumo wa Mvuke wa Petroli Kwenye Gari Bila Kununua Spea Ovyo: Mwongozo Kamili

Gari linagoma kuwaka kila ukitoka kujaza mafuta. Au linanuka petroli likiwa limeegeshwa, taa ya cheki injini imewaka, na ukilipima kwa kompyuta unapata kodi (namba ya hitilafu) P0441 au P0455. Kinachofuata mara nyingi ni kilekile: pampu ya mafuta inabadilishwa, plagi zinabadilishwa, injekta zinasafishwa, na tatizo linabaki palepale. Ubovu hauko kwenye njia ya petroli, uko kwenye njia ya mvuke wake. Njia hiyo wengi hawaigusi kabisa, na wakiigusa huitoa na kuiziba.

Mwongozo huu unaanza na kisicho na gharama na kumalizia na chenye gharama. Hakuna kinachonunuliwa kabla ya kupimwa. Vipimo vinafaa kwa magari ya petroli yenye injekta tunayoyatumia sana Afrika Mashariki, kama Vitz, IST, Axio, Probox na Noah. Vinafaa pia kwa walioko Marekani, ambako magari yana sensa na valvu za ziada. Tofauti hizo zinaelezwa pale zinapohusika.

## Jua unachotafuta

Petroli iliyo kwenye tenki hutoa mvuke muda wote. Mvuke huo hupita kwenye mpira hadi kwenye kopo jeusi lenye mkaa maalumu unaounasa. Injini ikishapata moto, kompyuta ya gari hufungua valvu ndogo ya umeme iliyo karibu na throto bodi au manifoldi, yaani njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Injini huvuta ule mvuke na kuuchoma. Mafundi wa Toyota huiita VSV. Hapa tutaiita valvu ya mvuke.

Kopo lina tundu la tatu, la kupumulia, linaloingiza hewa safi. Bila tundu hilo tenki haliwezi kuvuta hewa inavyotakiwa mafuta yanapopungua. Kwenye magari mengi ya soko la Japani tundu hilo liko wazi muda wote. Yale ya soko la Marekani yana valvu ya pili inayolifunga wakati gari linapojipima kama linavuja.

## Vifaa

- Kifaa cha kusoma kodi cha OBD2, hata kile kidogo cha Bluetooth kinachotumia simu
- Multimita
- Kipira cha kukamua cha mashine ya kupimia presha ya damu, chenye valvu yake ya kuachia hewa
- Mpira mwangavu mita 2, upana wa ndani milimita 6 hadi 8, na kiungio cha T
- Ubao wa urefu wa sentimita 60, na maji yaliyotiwa rangi
- Vizibo vya mpira vya ukubwa tofauti, na klipu
- Chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni ya kuoshea vyombo
- Waya mbili, moja ikiwa na fyuzi ya ampea 5
- Koleo, bisibisi, spana namba 10 na 12, tochi, karatasi nyeupe
- Jeki na stendi mbili, na kizimamoto cha unga

## Kabla hujagusa kitu

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo. Fanya kazi nje, si ndani ya gereji yenye shimo la ukaguzi, na pasiwe na sigara, jiko wala mashine ya kuchomelea karibu.

Usiunganishe kompresa kwenye mfumo huu. Kompresa ya gereji hutoa psi 100 au zaidi, wakati sisi tunahitaji nusu psi tu. Sili ya pampu, kopo na hata tenki havihimili shinikizo hilo.

Usitengeneze pia mashine ya moshi ya kuchemsha oili kwenye kopo, kama wanavyoonyesha kwenye video. Ni kuweka kitu cha moto sana kwenye njia inayoelekea kwenye tenki la petroli. Na usipulize mipira kwa mdomo, tumia kipira.

Injini iwe imepoa, isipokuwa pale hatua inapotaka iwake, na tenki liwe kati ya robo na robo tatu. Likijaa pomoni hakuna nafasi ya hewa ya kupima. Likiwa karibu tupu, utakamua hadi uchoke.

## Hatua ya 1: Soma kodi, lakini soma na dalili

Kodi hutaja hitilafu, haitaji spea. Zinazohusu mfumo huu hasa ni hizi:

- P0441: mvuke hautiririki inavyotakiwa
- P0443: hitilafu ya umeme kwenye valvu ya mvuke
- P0446: tundu la kupumulia au valvu yake
- P0455: uvujaji mkubwa; P0442 mdogo; P0456 mdogo sana, kama tundu la nusu milimita
- P0457: mfuniko haujakaza
- P0496: injini inavuta mvuke wakati haitakiwi

Magari mengi ya soko la Japani hayajipimi uvujaji, kwa hiyo gari linaweza kutembea na mfuniko uliopasuka mwaka mzima bila taa kuwaka. Hapo dalili ndizo zinazokuongoza.

Linasumbua kuwaka baada ya kujaza tu, kisha linakaa sawa: valvu ya mvuke imekwama wazi. Anza hatua ya 3.

Linapoteza nguvu baada ya mwendo mrefu, na ukifungua mfuniko linavuta hewa kwa kishindo: tundu la kupumulia limeziba. Anza hatua ya 4.

Linanuka petroli upande wa nyuma: kuna uvujaji. Fuata hatua zote kwa mpangilio.

Mlio mdogo wa "fsss" unapofungua mfuniko siku ya jua kali ni wa kawaida.

## Hatua ya 2: Mfuniko na mdomo wa tenki

Toa mfuniko na uvute mpira wake kwa kidole kuuzunguka. Mpira mzima hurudi mahali pake. Uliochoka umebapa, una nyufa, au umekuwa mgumu kama plastiki. Futa pia ukingo wa mdomo wa tenki. Ukikuta kutu, sugua taratibu kwa msasa laini namba 400 ukiwa umeziba mdomo kwa kitambaa ili unga usidondokee ndani, kwa mkono tu, bila mashine.

Ukinunua mfuniko, nunua wa gari lako. Mifuniko ya "inaingia gari zote" mara nyingi hukaza bila kuziba, na mingine haina kale kavalvu kanakoruhusu hewa kuingia tenki likinyonywa. Mfuko wa nailoni na kitambaa si mfuniko.

Umefanikiwa ukiona: mfuniko unatoa mlio wa "tak tak" ukikaza, na mpira umeacha alama ya mviringo isiyokatika.

## Hatua ya 3: Valvu ya mvuke

Hapa ndipo tatizo la "haliwaki baada ya kujaza" hupatikana mara nyingi. Unapojaza, mvuke mwingi husukumwa kuelekea kwenye kopo. Valvu ikiwa wazi wakati wa kupiga stata, injini inameza mvuke huo wote juu ya petroli ya injekta na inazidiwa na mafuta. Siku nyingine, kopo likiwa na mvuke kidogo, valvu hiyohiyo huingiza hewa isiyopimwa. Injini inatetemeka ikiwa sailensi (inawaka bila kukanyagwa mafuta) na unaweza kupata P0171 (hewa nyingi kuliko petroli). Ndiyo maana watu hudhani ni injekta.

Kipimo cha kidole. Washa injini hadi ipate moto. Chomoa mpira unaotoka kwenye kopo pale unapoingia kwenye valvu, weka kidole kwenye mdomo wa valvu, kisha chomoa soketi yake ya umeme. Valvu isiyo na umeme inatakiwa kufunga, kwa hiyo kidole kisivutwe kabisa. Kikivutwa, valvu imekwama wazi.

Rudisha soketi na umwambie mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika. Sasa kidole kivutwe kwa mapigo mapigo, na ukishika mwili wa valvu unausikia ukigonga kwa ndani. Injini isiyo na moto wa kutosha haifungui valvu, kwa hiyo usiihukumu ikiwa baridi. Kumbuka pia kwamba kuchomoa soketi injini ikiwaka kunaweza kuandika P0443. Utaifuta mwishoni.

Kipimo cha mezani. Zima injini, toa valvu, unganisha kipira upande wa kopo na ukamue. Hewa isipite. Kisha ipe volti 12 kutoka kwenye betri kupitia waya yenye fyuzi, kwa sekunde mbili au tatu. Ilie "tak" na hewa ipite. Fanya hivyo mara kumi, kwa sababu valvu inayokaribia kufa hukwama mara moja moja. Unganisha waya kwenye valvu kwanza na kwenye betri mwisho, mbali na mpira uliouchomoa, maana cheche hutokea unapogusisha.

Kipimo cha koili. Weka multimita kwenye omu. Valvu nyingi husoma kati ya 15 na 40. Ikionyesha OL, yaani hakuna mzunguko, koili imekatika. Ikisoma karibu na 0, imeungana kwa ndani, na hiyo inaweza kuunguza kompyuta. Usiirudishe.

Kipimo cha waya. Swichi ikiwa ON, waya mmoja wa soketi usome volti zinazokaribia 12. Usiposoma, angalia fyuzi. Ukisoma na koili ni nzima lakini valvu haigongi, huenda waya wa kwenda kwenye kompyuta umekatika au umeliwa na panya. Peleka kwa fundi umeme kabla mtu hajakuuzia kompyuta.

Sasa jambo linalorukwa na karibu kila mtu. Geuza valvu na uigonge mara kadhaa juu ya karatasi nyeupe. Zikidondoka chembe nyeusi, ngumu, zinazosagika na kuacha alama ya mkaa kwenye kidole, kopo limepasuka kwa ndani na mkaa wake unasafiri. Chembe moja ikikaa kwenye kiti cha valvu inatosha kuizuia isifunge. Ukibadilisha valvu peke yake, mpya nayo itakwama. Badilisha kopo, na upulize kwa kipira bomba lililo kati yao likiwa limechomolewa ncha zote mbili.

Valvu yenye chembe chache unaweza kuisafisha kwa hewa ya kipira huku ukiifungua na kuifunga kwa umeme. Usiiloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, itaharibu mpira wa ndani. Valvu ya mtumba inafaa kabisa ikiwa utaipima hapohapo dukani kwa kipira na betri kabla ya kulipa.

## Hatua ya 4: Kopo na tundu la kupumulia

Kwanza kipimo cha barabarani. Legeza mfuniko wa tenki bila kuutoa, tenki likiwa halijavuka nusu, kisha endesha umbali ule ambao gari huanza kukosa nguvu. Likienda vizuri, tenki lilikuwa linanyonywa na halipumui. Kaza mfuniko mara moja baada ya kipimo.

Kopo liko karibu na tenki chini ya gari, au kwenye boneti kwa baadhi ya magari ya zamani. Nyanyua gari kwa jeki, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Andika au piga picha ya kila mpira kabla ya kuuchomoa.

Unganisha kipira kwenye tundu la kupumulia na ukamue. Hewa itokee kwa urahisi kwenye matundu mengine. Ikigoma, kuna vumbi, matope au kiota. Kwenye barabara za vumbi ncha ya mpira huu hujaa udongo mwekundu, na nyigu hupenda kujenga humo. Hata buibui hufanya hivyo: mwaka 2011, na tena 2014, Mazda iliyarudisha magari ya Mazda6 huko Marekani kwa sababu utando wa buibui uliziba njia hii hii. Tenki likinyonywa mara kwa mara linaweza kupata ufa na kuvuja. Safisha kwa waya laini ukiwa umechomoa mpira kwenye kopo, usisukumie uchafu ndani.

Kisha likung'ute kopo. Likimwaga petroli ya maji, chanzo karibu kila mara ni kujaza tenki kupita kiasi. Mimina yote kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, liache kopo nje kivulini kwa siku mbili, mbali na moto na watoto. Likibaki zito au likitoa mkaa, limekwisha. Usilioshe kwa maji wala sabuni: mkaa ukishajaa maji haunasi mvuke tena.

Kutupa kopo na kuziba mipira, jambo ambalo magereji mengi hulifanya, hakumalizi kitu. Ukiziba njia ya tenki, shinikizo hupanda juani na tenki hunyonywa ukiendesha. Ukiiacha wazi, mvuke wenye benzini, ambayo husababisha saratani, unaishia puani mwa abiria wako.

## Hatua ya 5: Tafuta uvujaji kwa maji na sabuni

Funga mpira mwangavu kwenye ubao kwa umbo la U, kila mkono uwe na sentimita 50. Mimina maji ya rangi hadi yafike katikati ya mikono yote miwili, sentimita 25. Mkono mmoja uache wazi. Mwingine uunganishe kwenye kiungio cha T. Upande wa pili wa T uende kwenye kipira, na wa tatu kwenye mpira ule uliouchomoa kwenye valvu ya mvuke, unaoelekea kwenye kopo.

Ziba tundu la kupumulia kwa kizibo. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili usisahau kukitoa kizibo hicho. Kwa gari la Marekani, amuru valvu ya kupumulia ifunge kwa kutumia kifaa cha kupimia, au ziba mdomo wake.

Kamua polepole hadi tofauti ya maji kati ya mikono miwili ifike sentimita 35, sawa na nusu psi. Tenki lenye nafasi ya lita 20 juu ya mafuta huhitaji mikamuo kama kumi na tano hivi. Ukizidisha, maji yatarukia nje kabla tenki halijaumia, na hiyo ndiyo kinga ya kifaa hiki.

Acha kukamua, hesabu dakika 2. Mfumo usiovuja unatakiwa ubaki juu ya sentimita 20. Mpaka huo, yaani inchi 14 za maji (sentimita 35) kushuka hadi inchi 8 (sentimita 20), ndio uliotumika kwenye baadhi ya vituo vya ukaguzi Marekani. Kabla ya kulaumu tenki, bana mpira wa kifaa chako na uhakikishe chenyewe hakivuji.

Soma maji yanavyokwenda:

- Yanapanda kwa mikamuo miwili tu: hewa haifiki kwenye tenki. Kuna mpira uliobanwa au kopo limeziba. Unganisha moja kwa moja kwenye mpira wa tenki na urudie.
- Hayapandi kabisa: uvujaji mkubwa. Angalia mfuniko, mpira uliochomoka, au bomba la kujazia lililotoboka kwa kutu.
- Yanapanda kisha yanashuka polepole: uvujaji mdogo. Bana mpira kati ya kopo na tenki. Yakiacha kushuka, tatizo liko upande wa tenki. Yakiendelea, liko kwenye kopo au bomba la mbele.
- Yanapanda yenyewe bila kukamua: petroli inapata joto. Hamia kivulini, subiri.

Kisha pulizia maji ya sabuni kwenye mfuniko, shingo ya bomba la kujazia, kila kiungio, na juu ya pampu, ambayo kwenye Toyota ndogo nyingi hufikiwa kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Ipe kila sehemu dakika nzima. Uvujaji mdogo hautoi povu kubwa. Hutoa vipovu vidogo vyeupe vinavyokua taratibu pembezoni mwa kiungio.

## Hatua ya 6: Rekebisha kwa kitu sahihi

Mpira uwe wa petroli, umeandikwa SAE J30R7 au J30R9. Pima upana wa bomba kwa vernia, nyingi ni milimita 8. Mpira wa maji au wa gesi ya kupikia hulainika, kisha hupasuka. Bomba la chuma lililotoboka mbali na tenki kata sehemu yenye kutu, unganisha kwa mpira unaopanda sentimita 3 hadi 5 kila upande, kwa klipu mbili. Usikate kwa grainda; tumia kikata bomba cha mkono.

Silikoni ya kawaida haivumilii petroli, na superglu haishiki. O-ringi ya pampu iwe mpya, ya mpira wa naitrili au Viton, na kifuniko cha pampu kikazwe kwa kupishana kona, kidogo kidogo.

Tenki lenyewe likiwa na ufa, ishia hapo. Kulishusha na kulichomelea ni kazi ya mtu mwenye vifaa vya kulitoa mvuke wote kwanza. Tenki tupu lenye mvuke ndilo hatari kuliko lililojaa.

## Hatua ya 7: Thibitisha

Toa kizibo kwenye tundu la kupumulia, rudisha mipira yote, futa kodi. Rudia kipimo cha kidole. Kisha jaza mafuta na uwashe gari palepale kituoni: liwake kwa stata ya kawaida na likae bila kutetemeka.

Kwa aliyeko Marekani na anasubiri ukaguzi, kodi ikishafutwa gari linahitaji kujipima upya. Weka tenki kati ya robo na robo tatu, liache lipoe usiku kucha, kisha endesha mjini na barabara kuu. Toyota nyingi hujipima zikishakaa muda wa saa 5 hivi tangu zizimwe, kwa hiyo usifungue mfuniko usiku huo, na usichomoe betri.

Kuanzia hapo, kituoni bomba likikata lenyewe mara ya kwanza, mwambie mhudumu aache. Asijazie hadi mdomoni, na gari lisitikiswe ili liingie zaidi. Ukitaka kupima matumizi ya mafuta, tumia ile mara ya kwanza ya kukata, kituo kilekile na pampu ileile.